Uliza Msafiri: Mashambani Uingereza bila kumaliza mshahara

Mwezi huu sanduku la maswali limejaa Uingereza, sijui ni nini, labda ni kwa sababu siku hizi kila ploti ina mtu ako na binti ama kaka anafanya unesi huko. Maswali ya London nimeyaweka kando, London ina watu wake wa kuielezea na wengi wako TikTok. Leo tuko nje ya mji, kwa nyasi na ng'ombe na vijiji. Naanza na Mwalimu kwa sababu ndiye mkubwa wetu, na pia swali lake limeandikwa vizuri kushinda yote.

*Habari yako Msafiri. Mimi ni mwalimu mstaafu. Binti yangu ni nesi Leicester na amejifungua mtoto wa pili, kwa hivyo naenda kumsaidia kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba. Ameniahidi wikendi akiwa off tutakuwa tunatoka na gari lake. Sitaki kupelekwa mall, mall ziko hata hapa Thika Road. Nataka kuona mashamba yao na vitu vyao vya zamani. Shida ni goti la kushoto, halafu tutakuwa na mjukuu wa miaka minne na huyo mdogo kwa kigari. Twende wapi? Mama Mwalimu, Kasarani.*

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa kuongeza mjukuu. Una bahati na hujaijua bado, kwa sababu watu wakisikia Leicester wanasema ah huko hakuna kitu, wanakimbilia Cotswolds kupiga picha na nyumba za mawe za rangi ya asali, na huku Leicester imezungukwa na mahali pa kutoka ambapo hata kwa goti bovu unazunguka na kurudi ukiwa na furaha.

Ya kwanza iko karibu kabisa na mji, Bradgate Park. Kuingia ni bure, mnalipia parking tu, na sababu ya kuwa hivyo ni kwamba mwaka wa 1928 tajiri mmoja aliyekuwa anatengeneza mashine za viwanda vya viatu, Charles Bennion, aliinunua akawapatia watu wa Leicestershire iwe yao. Sasa wewe fikiria tajiri wa Nairobi anunue shamba kubwa karibu na mji halafu asiweke geti... wacha tu. Chini kuna njia ya lami inafuata mto, kigari kinapita na goti halitalalamika. Kulungu wenye pembe za matawi wanakula nyasi hapo karibu na watu kama mbuzi wa Kitengela, lakini usiwalishe na usiache mjukuu awasogelee, mwezi wa sita wanazaa na mama akiwa na mtoto hana mchezo. Katikati ya njia utakuta magofu ya nyumba kubwa ya matofali mekundu, hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya kina Lady Jane Grey, yule msichana aliyefanywa malkia mwezi wa saba mwaka wa 1553 akakaa siku 9 tu, na Februari iliyofuata akakatwa kichwa na miaka 20 hajafikisha. Inasemekana mialoni ya pale ilikatwa vichwa kumwomboleza. Iwe kweli ama iwe stori ya wazee, ukiiona ile miti mizee, minene chini na mifupi juu, utaelewa kwa nini stori imeshika. Kile kilima cha Old John chenye mnara mwachie binti yako apande, wewe kaa chini na thamosi.

Lakini kama mngekuwa na Jumamosi moja pekee ningewatuma Foxton Locks, upande wa Market Harborough. Hapa ni mahali ambapo mashua zinapanda mlima. Sitanii Mwalimu. Kabla ya reli Waingereza walikuwa wanasafirisha makaa ya mawe na mizigo kwa mifereji waliyochimba kwa mikono, na mfereji ukifika kwa mlima ni lazima mashua ipande, kwa hivyo mwaka wa 1814 walifungua ngazi ya vyumba 10 vya maji, vitano halafu pumziko halafu vitano. Mashua inaingia chumba cha chini, malango yanafungwa nyuma yake, mtu anazungusha mkono wa chuma kufungulia maji kutoka juu, chumba kinajaa, mashua inainuka nayo, lango la mbele linafunguliwa na inaingia chumba kinachofuata. Hivyo hivyo mpaka juu, kama mita 23, na inaweza kumaliza saa nzima. Hakuna mota hapo, kazi yote inafanywa na maji yenyewe na mabega ya watu. Mara nyingi anayesukuma lango ni mzee wa kujitolea, na akiona mtoto anatazama sana anamwita aje asukume naye. Huyo mjukuu wa miaka minne hatasahau. Kutazama ni bure, parking ndio ya kulipa, na chini kabisa kuna pub yenye meza za nje kando ya maji. Kigari kinapita ila kuna mteremko, kwa hivyo anzia juu mshuke polepole halafu gari lije liwachukue chini kama goti limekasirika.

Siku ingine Rutland Water. Hilo ni bwawa la maji ya kunywa, kama Ndakaini yetu, walilijaza miaka ya 70 na maji yakameza kijiji. Kanisa moja la Normanton waliliokoa kwa kujaza mawe ndani mpaka nusu, kwa hivyo sasa limesimama kwa maji kama limekuja kuoga. Pia kuna ndege wanaitwa osprey, wawindaji wa samaki, walikuwa wamemalizwa kabisa sehemu hizo za England mpaka 1996 walipoanza kuleta vifaranga kutoka Scotland, na 2001 wakaanguliwa wa kwanza hapo hapo. Kuna vibanda vya kukaa kimya kuwaangalia, na mkienda mwezi wa sita watakuwa wanalisha watoto. Kipupwe kikikaribia wanaruka mpaka Afrika Magharibi, bila viza.

Na kwa sababu nyinyi ni watu wa Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka wa 1899, msirudi kabla ya kupanda treni ya moshi ya Great Central Railway kutoka Loughborough. Ni kilomita 13 tu, polepole, na unakaa chini safari nzima.

Kitu kimoja kitakushangaza na hakuna mtu huwa anakwambia mapema: mwezi wa sita huko jua linazama saa tatu na nusu usiku. Sisi tumezoea saa kumi na mbili na nusu giza, mwaka mzima, hatujui kitu kingine. Kwa hivyo msikimbie kurudi nyumbani saa kumi jioni ati kutaingia giza, hiyo ndiyo saa nzuri, watu wa parking wameondoka na jua limelala upande. Wale wanaenda Desemba wao wajipange kinyume, saa kumi kasoro jioni jua limeshaenda zake.

Halafu jaketi la mvua. Usinunue huko. Pitia Gikomba ama Toi kabla ya kupanda ndege, yale majaketi mazuri ya kupanda mlima yanayouzwa kwa bei ya kutupa yalitoka huko huko, unayarudisha tu nyumbani kusalimia.

*Msafiri sasa wewe niambie ukweli. Boi wangu ako Sheffield na ananitumia video anatembea katikati ya shamba la mtu, anafungua geti, anapita kwa ng'ombe za wenyewe, anafunga geti anaendelea. Ati ni haki yake. Mimi nikifanya hivyo Limuru natoka na alama za meno ya mbwa. Ama ananichocha? Msee wa Umoja.*

Hakuchochi. Hii ndio kitu ya Uingereza ambayo mimi naipenda kushinda makasri yao yote na ndio wageni wengi wanaikosa kwa sababu haina tiketi wala tangazo. England na Wales pamoja zina karibu kilomita 225,000 za njia za umma, nyingi zinapita ndani ya mashamba ya watu binafsi, na mwenye shamba hawezi kuzifunga hata kama hapendi sura yako. Zingine ni za kale kabisa, njia za kwenda kanisani, za kwenda sokoni, za kwenda kwa kinu, na sheria inasema njia ikishakuwa ya umma inabaki ya umma. Utaziona kwa mishale kwenye milingoti, wa njano ni wa waenda kwa miguu peke yao, wa bluu hata farasi na baiskeli wanaruhusiwa. Ukiwa na ramani za Ordnance Survey za ganda la rangi ya chungwa, njia hizo zimechorwa kwa vistari vya kijani mpaka unaona ua wa shamba uko upande gani.

Sasa usidhani walipewa kwa upole. Huyo boi wako akiwa Sheffield mwambie apande treni ya Edale, haifiki hata saa moja, apande Kinder Scout. Ule mlima ulikuwa umefungwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege, na tarehe 24 Aprili 1932 vijana wa viwandani Manchester, mamia, wakiongozwa na kijana anaitwa Benny Rothman, wakakutana Hayfield wakapanda kwa lazima, wakapigana kidogo na walinzi. Watano walifungwa jela, wengine miezi miwili, wengine mpaka sita. Lakini walikuwa wameshaanzisha kitu, 1949 ikaja sheria ya mbuga za taifa, 1951 sehemu hiyo hiyo ya Peak District ikawa ya kwanza kabisa, na sheria ya 2000 ikaruhusu watu kutembea kwa uhuru milimani na nyika za juu hata nje ya njia. Mimi nikisimama pale nafikiria Karura tu. Wangari Maathai na wenzake walipigwa 1999 kwa sababu ya msitu ambao leo tunaenda kukimbia na kupiga picha za graduation. Tofauti ni kwamba sisi getini bado tunalipa.

Ila haki iko na adabu zake. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, mkulima ana sababu yake. Ng'ombe wakiwa na ndama zunguka mbali hata kama njia inapita katikati yao, kila mwaka kuna watu wanakanyagwa na wengi walidhani ng'ombe ni mpole kwa vile ni mzungu. Vaa suruali ndefu kwa sababu thabai zimejaa kando ya njia, ndugu za hizi za kwetu, zinawasha vile vile. Na usicheke urefu wa milima yao. Mlima mrefu kabisa England, Scafell Pike, ni mita 978, sisi Nairobi tunalala zaidi ya mita 1,600, kwa hivyo kila Mkenya anafika pale na dharau. Halafu ukungu unashuka dakika kumi, huoni mkono wako, mvua ya upande, na vijana wa kujitolea wanaitwa usiku kuja kukutafuta ukiwa na raba za Bata.

*Naenda London kwa kazi, siku tano za mikutano, nimebakiwa na Jumamosi moja. Sina gari na sitaki kuendesha. Nataka nione ile England ya kijani niliyoizoea kwa picha, na bahari ikiwezekana. Dada wa South B.*

Dada, ukitaka bahari, nenda Seven Sisters. Na hapa nisikilize vizuri kwa sababu watu wanapotelea hapo: kuna stesheni inaitwa Seven Sisters kwa treni za chini ya ardhi, laini ya Victoria, ukishuka huko uko Tottenham na utatembea siku nzima ukitafuta bahari kati ya maduka ya nywele. Unayoitaka iko pwani ya kusini. Chukua treni kutoka stesheni ya Victoria mpaka Eastbourne ama Brighton, halafu kuna basi linapita pwani kati ya miji hiyo miwili, lile la orofa, kaa juu mbele. Shuka Seven Sisters Country Park utembee kuelekea Birling Gap. Ni majabali meupe kabisa yanapanda na kushuka kama mawimbi, na ule weupe ni chaki, kama ile ya ubaoni, imetengenezwa na maganda ya viumbe vidogo vya baharini vilivyolala hapo mamilioni ya miaka. Mbele kidogo, Beachy Head, jabali ni mita 162 kwenda chini. Usikaribie ukingo kwa ajili ya picha, ukingo unaanguka wenyewe bila taarifa na hakuna uzio.

Kama utaamka umechoka, basi Box Hill huko Surrey, treni haimalizi saa moja na stesheni iko chini ya kilima.

Nauli: tiketi ya treni ya kununua asubuhi hiyo hiyo ni kisu, nunua mapema kwa simu. Wikendi kabla ya kutoka angalia pia kama kuna matengenezo ya reli maana wanapenda sana kufunga laini wikendi na kukupandisha mabasi. Na la mwisho, ratiba ya basi la kurudi ipige picha ukishuka. Mimi niliwahi kukaa kwa kijiji kimoja Jumapili nikifurahia mto na bata nikidhani steji ni steji, basi litakuja tu likijaa litaondoka, kumbe la mwisho lilikuwa limeenda saa kumi, na Jumapili hayapiti mengi. Nikaingia pub nile nikifikiria, wakaniambia jikoni kumefungwa mpaka jioni. Nililipa teksi pesa ambayo sijawahi kumwambia mke wangu mpaka leo anaposoma hapa.

*Stonehenge ni worth? Naona tiketi ni bei na watu wanasema ni mawe tu. Mchumi, Pangani.*

Ni mawe tu, ndio, lakini ni mawe ambayo baadhi yalitolewa Wales, zaidi ya kilomita 200, kabla ya watu wa huko kuwa na gurudumu. Mimi sisemi usiende. Nasema ukienda ujue kwa siku za kawaida huyashiki, unazunguka kwa mbali na watu elfu wengine wameshika simu juu. Kama unataka mawe ya kushika nenda Avebury, kaskazini ya hapo, wilaya hiyo hiyo ya Wiltshire. Duara lake ndilo kubwa kuliko yote duniani, mpaka kijiji kimeingia ndani yake na barabara na pub na kanisa karibu, kondoo wanajikuna kwa mawe ya zaidi ya miaka 4,000 na hakuna anayewalipisha. Wewe pia hulipishwi kuingia kwa mawe. Treni mpaka Swindon, halafu basi la kwenda Devizes linapita katikati. Nilikaa nimeegemea jiwe moja nikala chapati baridi, na jiwe lilikuwa na joto la jua mgongoni.

*Msafiri, Kenya licence inaweza kuendesha gari huko? Na barabara za vijijini zikoje? Dereva wa Donholm.*

Inaweza, mgeni anakubaliwa mpaka miezi 12, na wanaendesha kushoto kama sisi. Kitakachokutesa ni vichochoro vya vijijini, upana wa gari moja, ua wa miti pande zote mbili mrefu kushinda gari, na kibao kinakuruhusu maili 60 kwa saa. Usizitumie. Mkikutana uso kwa uso aliye karibu na kituo cha kupishana anarudi nyuma, na akikupisha inua mkono, usipoinua watakuongelea mpaka jioni. Ukikuta farasi punguza mpaka maili 10, acha mita mbili, na honi sahau kama imewahi kuundwa. Najua hiyo kwa dereva wa Nairobi ni ngumu.

*Watoto wangu wameona kwa YouTube kuna safari park Uingereza, Longleat, unapita na gari kati ya simba. Tukienda Agosti kwa shangazi yao wanataka tuwapeleke. Nifanye nini? Baba Watoto, Syokimau.*

Longleat ni ya kweli, ilifunguliwa 1966 na ilikuwa safari park ya kwanza ya kupita na gari nje ya Afrika, na nyumba yenyewe ya kale iliyo katikati ni nzuri. Lakini ndugu yangu, unaishi Syokimau. Simba wa Wiltshire ni lazima uwalipie paundi na uendeshe mpaka kwao, wa kwetu wakichoka na parki wanatoka wenyewe mpaka Rongai kukusalimia. Wapeleke watoto wakachume strobeli kwa shamba, Agosti mapema bado zingine zipo, wanakula nusu kabla ya kupima na mwenye shamba anajifanya hajaona.